Haukuvua Koti ya Harusi

Papa Samweli,

Ulikufa. Bihogo ilikuua. Ng'ombe yako mwenyewe, mu kiraro yako mwenyewe, asubui, jua ilishatoka, minye nikiwa ku mulango na bidon ya maziwa mu mukono.

Naanza na ile juu hapa kila muntu anauliza mara mbili. Anafika ku matanga, anakaa, anapewa chai, kisha ananivuta pembeni: "Ni nani alimuua?" Nasema ni ng'ombe. Anaweka kikombe chini. Kisha anakaribia sikio yangu: "Sawa, lakini ni nani?" Nasema tena ni ng'ombe. Ananiangalia sawa vile naficha kitu.

Minye pia ningeuliza vile. Hapa kwetu bantu banakufa na risasi. Banakufa na kolera, na maji ya Ruzizi, na mulima yenye kuangukia nyumba mvua ikipiga sana. Bantu ya bunduki balipita hapa mara mingi. Sisi wawili tulikimbia na ng'ombe mpaka kule juu, tulilala mu baridi, tulirudi. Haukukufa. Siku moja risasi ilipita karibu na kofia yako, ulisema ni nyuki. Haukukufa. Ukafa juu ya ng'ombe yenye ilikuwa inalamba ndama. Hata sasa nikiandika, sioni vile inaweza kuwa. Natafuta fasi ya kuiweka mu kichwa, haienei.

Ku kaburi Pasta alisema kila mwenye iko na neno ya kuambia Muzee akuye aseme. Samweli, mutoto yako, alisema. Ndugu yako ya Uvira alisema, murefu, mpaka batoto balianza kusinzia. Kisha Mama Samweli, bibi yako, alinionesha na kidole. Nilisimama. Mu kichwa hakukuwa kitu. Nilisema: "Udongo ya hapa iko na mawe mingi." Nikakaa. Bantu balitikisa kichwa, Pasta alisema amina, balifikiri ni mufano ya maisha. Haikukuwa mufano. Minye ndiye nilichimba. Iko na mawe mingi.

Kwa hiyo naandika. Niliishia mwaka ya ine ya shule ya primere, weye unajua, uliniitaka profesere ukitaka kunichokoza. Karatasi nilipewa na binti yangu Faida. Alisema: "Papa, muntu alikufa hasomake." Nilimwambia aende kuteka maji.

Nitakuelezea vile ilikuwa, juu weye haukuona vizuri. Ulikuwa chini.

Mulikwenda Uvira ku harusi ya binti ya ndugu yako, weye na mama. Uliniachia neno moja: "Bihogo iko karibu. Usiende mbali." Sikuenda mbali. Siku ya pili ya harusi haukuweza kukaa tena. Mama anasema ulikula samaki ukisimama, ulikuwa unauliza kila muntu kama mvua ilinyesha Bwegera. Asubui ulipanda pikipiki ya kwanza. Sanduku ya nguo ilibaki na mama. Ulikuya vile ulikuwa: kostume ya rangi ya majivu, koti na suruali, kravati, viatu ya kung'aa. Ile kostume ulioa nayo, na nusu ya vijana ya Mutarule balioa nayo pia, juu haukukatalaka muntu kuiazima. Ku mabega ilikuwa imekwisha, lakini mwenye hajui haoni.

Ulishuka ku pikipiki. Ulinuka parfe. Batoto ya ndugu yako balikumwangia, mu shingo, mu nywele, hata mu mifuko. Nilicheka. Nilisema: "Muzee, leo weye ndiye bibi harusi." Ulisema: "Nyamaza, muntu ya mihogo. Iko wapi?" Nilisema: "Imezaa asubui hii. Jike. Rangi ya mama yake." Ulicheka na mudomo wazi, hata motari, yule wa pikipiki, alicheka na hakujua anacheka nini.

Nilisema: "Vua koti kwanza."

Ulisema: "Huyu ananijua toka mu tumbo ya mama yake."

Uliingia. Haukufanya hata sauti yako. Kila siku ulikuwaka unaingia na ile "hoo, hoo" ya polepole, ya mu koo, toka ku mulango mpaka ku ng'ombe ya mwisho. Siku ile haukufanya juu ulikuwa unacheka. Ulikwenda mbio mbio ku ndama, uliinama, kravati ikaning'inia. Bihogo ilishusha kichwa. Ilikusukuma ku miti ya kiraro, mara moja tu. Nilisikia kitu kuvunjika, nilifikiri ni muti. Haikukuwa muti.

Haikurudilia. Ilirudi ku ndama yake, ikaendelea kuilamba. Sawa vile hakuna kitu. Ile ndiyo naona sana. Si damu. Damu haikukuwa mingi. Ni vile ilirudi kulamba.

Nilikuvuta na miguu chini ya miti. Nilipiga kelele sana, motari aliacha pikipiki inaunguruma akakuya. Bantu balitoka mu mupunga na matope mpaka mu magoti, balifunga kipoyi ya kukubeba na miti mbili na pagne, kitenge ya Mama Neema mwenye shamba ya mupunga. Pikipiki haikuweza, ungevunjika zaidi. Tulikubeba ku mabega kuelekea Bwegera, ku hospitali. Minye nilikuwa upande ya kichwa. Bantu banauliza ulisema nini ya mwisho. Samweli aliniuliza, Pasta aliniuliza. Hakuna. Ulikuwa unapumua sawa muntu anapanda mulima, kisha tulifika fasi njia inavuka mufereji ya maji, haukupumua tena. Tuliendelea kutembea. Hakuna mwenye alitaka kuwa wa kwanza kusimama.

Kwa munganga balikata ile kostume na makasi. Nilitaka kusema basiikate, iko na kijana anaoa mu mwezi ya kuya. Nilishafungua mudomo. Ona vile kichwa inafanya.

Sasa nitasema kitu, na usikasirike, juu weye ndiye unalala na minye ndiye nabaki na maneno ya bantu. Weye ndiye ulinifundisha ile ya harufu. Hakuna mwingine. Siku nilikuya kuomba kazi, mupunga ya bantu ilikuwa imekwisha kuvunwa, sikukuwa na kitu. Uliniuliza: "Unajua ng'ombe?" Nilisema ndiyo. Ulisema: "Uongo." Nilisema: "Ndiyo, uongo." Ulicheka. Kisha ulisema: "Toa shati."

Nilifikiri unataka kunipiga. Ulichukua shati, ulienda kuitundika mu kiraro, katikati, ku muti yenye ng'ombe zinakwaruzaka shingo. Ulinirudisha nyumbani kifua wazi. Esta, bibi yangu, aliniuliza shati iko wapi. Nilimwambia: "Ng'ombe zinaisoma." Alifikiri nilikunywa. Kila siku nilikuya kuchimba mashimo ya nguzo na kukata majani, na kila siku shati ilikuwa mule, ng'ombe zinailamba, zinaikojolea, zinalalia mikono yake. Siku ulinirudishia ilikuwa ngumu sawa ngozi. Ulisema: "Vaa. Sasa uko muntu." Nikaingia, na hakuna hata moja iligeuza kichwa.

Na uliniambia hivi, nasikia sauti: "Ng'ombe haioni na macho. Weye ni harufu na sauti tu. Mwenye kuzaa hana rafiki siku ile." Muntu akitoka kanisani na sabuni mu ngozi, ulimfukuza. Mukwe yako alitoka Bujumbura na mafuta ya nywele, ulimkataza hata kusimama ku mulango. Alikasirika, haukujali. Mama mwenyewe ulimwambia aoge na maji tupu mbele ya kukamua.

Sasa weye. Na parfe. Na viatu ya kung'aa.

Nashindwa, Papa Samweli. Ingekuwa minye, bantu bangesema: ni mujinga, ni muntu ya mihogo, hajui. Lakini weye.

Ninajua furaha. Furaha ilikuingiza mule. Bihogo uliitoa mwenyewe mu tumbo ya mama yake siku ilikuwa imegeuka, mukono ndani mpaka bega, minye nikivuta kamba. Ilitoka haipumue. Uliweka mudomo yako ku pua yake ukapuliza, kisha ulitema na ukasema: "Ladha mubaya." Ilikohoa. Toka siku ile ulikuwa unaiita binti yangu, mpaka binti zako za kweli banaona wivu. Naelewa. Kuelewa haisaidie kitu.

Esta alikufa polepole. Nilimuona anapungua kila wiki, niliuza mbuzi, nilimbeba Uvira, nilimrudisha. Siku alikufa nililia, lakini mu roho nilishakuwa fasi ile, nilikuwa nangoja pale. Weye ulikufa mbio. Ulikuwa unacheka. Niko bado nyuma, ku mulango na bidon.

Mu kifo ya Esta haukuniambia mambo ya mbinguni. Ulikuya ukakaa ku jiwe mbele ya nyumba yangu. Ulisema: "Minye sijui kusema. Niko hapa." Ulikaa mpaka jua ilihama. Toka pale, kila asubui kulikuwa chupa ya maziwa ku mulango, ya batoto. Haukusema hata siku moja kama ni yako. Na siku ndugu zangu balianza kunitafutia bibi mwingine, uliniambia: "Usitafute bibi mbio. Tafuta kwanza usingizi." Nililala vizuri siku ile, sijui juu ya nini.

Bantu hapa banakukumbuka na mambo mingine. Ku matanga bote balielezea ile ya mupunga. Wakati ng'ombe zako ziliingia mu shamba ya Mama Neema. Samweli alikuwa anataka mukae, mupatane, muite chefu. Weye uliamka asubui, ulivua viatu, uliingia mu matope ya yule mama na kifungu ya miche chini ya kwapa, kwenda kupanda mwenyewe. Bantu ya Bwegera balitoka kuangalia. Muntu ya ng'ombe mu mupunga! Ulipanda miche mingi mingi fasi moja, sawa nywele, na mingine iliangalia chini. Mama Neema aliweka mikono ku kiuno: "Muzee, nakuomba, toka. Utaniharibia hata ile ng'ombe ilibakisha." Ulitoka na matope mpaka ku ndevu. Toka siku ile majani ya mupunga wake ikikauka ni kwetu anaileta, hapelekee muntu mwingine. Mama Neema alielezea mwenyewe, analia na kucheka. Ni pagne yake ilikubeba. Alikataa kurudishiwa. Alisema uzikwe nayo. Uko nayo.

Sasa habari ya nyumba.

Mama Samweli hakuwa analia. Alirudi toka Uvira na sanduku yako, aliifungua, alikunja nguo zako upya, akaifunga. Bantu balianza kuogopa ile macho kavu. Samweli balimupigia simu Bukavu. Na yeye neno ya kwanza ilikuwa: "Ni nani?" Alifika na gari ya bantu, macho nyekundu. Hakunisalimia. Alishika mikono yangu, akaigeuza, akaangalia ndani. Nilimwachia aangalie. Bantu bote ku matanga baligeuka kuangalia. Ile ndiyo ninasema juu ya maneno yenye nabaki nayo. Minye ni wa huku chini, bantu ya shamba, nyinyi mulikuwa wa juu, bantu ya ng'ombe, na siku hizi jambo ndogo sana linaweza kuwa kubwa. Motari ndiye alisema kwa sauti: "Nilikuwa pale. Ni ng'ombe. Nilikuwa pale." Samweli aliachia mikono yangu. Sikumukasirikia. Ingekuwa baba yangu, ningeangalia pia.

Lakini kisha ikabaki Bihogo.

Tangu siku ile hakuna mwenye aliigusa. Jirani yako Baraka anakuyaka asubui kukamua zingine, juu nyumba ya kilio haikamue. Anakamua zote na kuruka ile. Alisema: "Ile ya kuua hapana. Niko na batoto." Batoto ya hapa banaiita Muuaji. Wanarusha mawe toka mbali, inawaangalia tu. Ndama inanyonya, lakini ni ndogo, haiwezi kumaliza. Titi ya upande ya kushoto ilianza kukauka na kuwa ngumu, naona toka ku miti. Ikikaa bado kidogo, maziwa inaharibika mule ndani, na ng'ombe pia. Weye unajua kuliko minye.

Familia ilikaa. Balikaa mbele ya nyumba, na minye baliniita nikae pia, ku mwisho ya benchi. Ndugu yako ya Uvira alisema ikatwe na panga, itupwe mu shimo, ndama iuzwe. Samweli alisema hapana, ile ni kutupa mali ya baba, alishaita bushe, muuza nyama. Na bushe alikuwa pale kweli, na kamba ku bega. Aliizunguka Bihogo toka inje ya miti, akasema iko na mafuta muzuri. Muntu moja akamwambia ni ile iliua. Bushe alishituka kidogo, kisha akasema polepole: "Kule Uvira hakuna mwenye atauliza nyama jina."

Mama Samweli ndiye aliinua kichwa. Alisema: "Bantu ya Uvira bakule bwana yangu na hawajui?"

Bushe alikunja kamba yake. Alisema pole mama, akatafuta pikipiki.

Samweli alisema basi tuiuze nzima, tuipeleke juu, kwa bantu hawatujue. Mama alimuuliza: "Na wakiuliza kama ni mupole, utasema nini?" Ndugu yako alisema: "Basi panga." Mama akasema: "Na ile uliona wapi, muntu kukata ng'ombe na kuitupa? Muzee angesema nini?"

Kisha mama aligeuka ku mwisho ya benchi. "Papa Faida. Weye ulikuwa pale."

Nilisema: "Ilisikia parfe. Haikusikia Muzee."

Samweli alisimama. Alisema: "Unasema baba yangu alijiua?" Nilisema: "Nasema hakuvua koti. Nilimwambia, hakuvua." Nilijua ni neno mubaya ya kuambia mutoto ya marehemu. Lakini nilikuwa na ile tu. Nilifikiri atanipiga. Hakunipiga. Alikaa chini, mu vumbi, si ku benchi, na kostume yake, akaweka mikono ku kichwa.

Na mama alianza kulia. Pale ndiyo alianza. Alisema: "Minye ndiye nilikataa afungue sanduku. Alitaka kubadilisha, nilimwambia asinivurugie nguo, abaki vile, yuko muzuri." Alisema ile mara moja, hakurudilia. Nakuandikia uijue. Na nakuandikia pia kwamba hakuna mwenye alimulaumu. Samweli alitambaa pale mu vumbi mpaka ku miguu yake, akamushika.

Mama alipomaliza kulia alisimama, alienda ku miti ya kiraro, aliangalia ile ng'ombe. Siwezi kusema alifikiri nini. Ng'ombe haikuinua kichwa. Alirudi akasema: "Itabaki. Haikukosa kitu chenye Muzee hakuifundisha. Lakini haiwezi kubaki kama hakuna mwenye ataikamua. Kama hayuko, panga."

Bantu bote baliangalia miguu yao. Kisha moja moja baliangalia ku mwisho ya benchi.

Nilisema nakwenda kuona batoto yangu. Nilikwenda.

Papa Samweli, niko na woga. Naiandika wazi, juu ungejua tu. Juzi nilifika mpaka ku mulango ya kiraro, mukono yangu ilishika muti ya kufungia, nikaiachia tena. Nilisimama pale sawa mugeni. Nilisikia ile kitu kuvunjika, sikio yangu inaisikia yenyewe. Faida alikuwa amenifuata, aliniona. Alisema: "Papa, turudi." Niko na batoto hawana mama. Bakibaki bila baba, weye hauko tena ku jiwe mbele ya mulango yao.

Na niko na kasirani. Sijaisamehe Bihogo. Bantu banasema ng'ombe haina akili, haiwezi kukosa. Najua. Minye bado naiangalia vile ilirudi kulamba. Sijakusamehe na weye pia, nikisema kweli. Ungevua tu. Ni kitu ya kuvua mukono moja, kisha mukono mwingine.

Lakini titi iko ngumu. Leo asubui Baraka alisema iko na moto mukononi ukiweka karibu, na ndama ilinyonya ile upande ikaachia. Nilikaa, nikafikiri. Nilifikiri: kasirani yangu inaweza kungoja, itakuwa pale tu kesho na kesho kutwa. Maziwa haiwezi kungoja. Nikikataa, ni panga, na ndama itakauka, na mama ataona damu ya pili mu kiraro moja. Na bantu batasema ng'ombe ya Papa Samweli ilikufa vile, mu shimo. Hawatasema tena habari ya mupunga.

Kwa hiyo nilimwambia mama. Leo, kabla ya kuandika hii. Nilimwambia nitafanya. Alisema: "Mungu akuone." Samweli alikuwa pale, aliniuliza kama nataka muntu wa kusimama nyuma yangu. Nilimwambia ndiyo, weye, lakini uoge na maji tupu. Alisema sawa. Hakuuliza juu ya nini. Ataanza kujifunza, naona, mutoto ya masomo vile. Alinisalimia pia, mukono mbili. Ile ilikuwa imebaki.

Ndama haina jina. Hakuna mwenye anathubutu, juu ilikuwa kazi yako kutoa majina. Mama anasema atatoa yeye siku moja, si sasa. Iko na nguvu. Inaruka ruka sawa haina habari.

Nakuahidi kitu moja, kidogo, juu sipendake kuahidi kubwa. Hakuna muntu ataingia mule tena bila kujulisha yeye ni nani. Hata Samweli. Hata Pasta akikuya kubariki. Hata minye nikifurahi siku moja, kama nitafurahi. Nitasimama ku mulango na kuwafukuza, bakasirike.

Lala, Papa Samweli. Nilikuchimbia murefu, mawe nilitoa yote, nilipanga pembeni. Batakapoleta simenti nitasimama pale mwenyewe.

Matanga imeisha. Jua ikitoka nitaingia polepole, toka upande ya ndama, na sauti. Nitaanza na titi ya kushoto. Kesho narudi kazi.